Tovuti za biashara ndogo zinazungumza na nani?

Apitaye katika soko la Gikomba jijini Nairobi, au Kongowea kule Mombasa, hana haja ya kuuliza bei ya shati la mtumba. Ataisikia bei kabla ya kuliona shati lenyewe. Mchuuzi amesimama juu ya meza, koo limemkauka, na anachokariri tangu asubuhi ni maneno matatu au manne tu: nguo gani, pesa ngapi. Makanga wa matatu naye hutaja aendako na nauli. Hamwambii abiria kwamba gari lake ni la kampuni inayoongoza katika utoaji wa suluhisho bora za usafiri. Lau angethubutu, gari la nyuma yake lingejaa kwanza.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu wafanyabiashara wetu wadogo, ambao sokoni wana ulimi mwepesi namna hii, huupoteza ulimi huo pindi wanapofungua tovuti. Siku hizi kila mwenye duka, karakana au kibanda cha cherehani anaambiwa kwamba asipokuwa kwenye mtandao amepitwa na wakati. Vijana wenye ujuzi wa tarakilishi wanazunguka mijini wakiunda tovuti hizo kwa malipo, na kazi yao ya kiufundi sina ugomvi nayo. Kurasa hufunguka na rangi hupendeza. Ugomvi wangu ni na maneno yanayotiwa humo. Nimezisoma kurasa nyingi za aina hii, za maseremala, za wauza mbegu, za wenye nyumba za kulala wageni, na aghalabu nikilifunika jina la biashara kwa kidole siwezi kujua kama ninauziwa kitanda au jeneza. Wote ni kampuni inayoongoza. Wote wana wafanyakazi waliojitolea. Ubora ndio fahari ya kila mmoja wao, na mteja ni mfalme kotekote.

Lugha hii haikuzaliwa Gikomba. Imeazimwa kutoka kwa mashirika makubwa, ambayo majina yao yanajulikana nchi nzima na kwa sababu hiyo yanaweza kusema maneno matupu bila ya kupata hasara. Benki yenye matawi katika kila mji hata ikijisifu kurasa kumi, mteja anajua iko wapi na inafanya nini. Fundi wa viti aliye kando ya Barabara ya Ngong hana bahati hiyo. Msomaji hamjui. Kila sentensi ambayo haimwelezi msomaji jambo ni sentensi inayomfukuza.

Sisi wanaisimu tunalo jina la kosa hili. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka wa 1975, alieleza kwamba watu wanapozungumza huwa wamekubaliana kimyakimya kushirikiana. Msemaji anatazamiwa kutoa habari za kutosha bila ya kuzidisha, kusema alilo na hakika nalo, kusema linalohusika, na kusema waziwazi. Msikilizaji akiona kanuni hizo zimevunjwa, haishii kuchoka tu, bali huanza kutafuta sababu. Ukimuuliza mtu bei naye akakujibu kwamba anathamini sana uhusiano wake na wateja, utafikiria kwamba bei ni ghali, au kwamba bidhaa hana. Tovuti iliyojaa sifa pasi na habari inafanya vivyo hivyo: inamfundisha msomaji kushuku.

Wala hili si dhana ya darasani tu. Mwaka wa 1997, Jakob Nielsen na John Morkes waliwachunguza watu wakisoma kurasa za mtandao nchini Marekani, wakapata kwamba asilimia 79 ya watu hao waliupitisha macho tu juu ya kila ukurasa mpya, na ni asilimia 16 waliosoma neno kwa neno. Kisha wakaandika habari zile zile za vivutio vya jimbo la Nebraska kwa mitindo mbalimbali. Maneno yalipopunguzwa hadi nusu, urahisi wa kuutumia ukurasa uliongezeka kwa asilimia 58. Habari zilipopangwa ili jicho lizipate upesi, kwa vichwa vidogo na orodha, ongezeko lilikuwa asilimia 47. Majigambo yalipoondolewa na ukweli ukaachwa ulivyo, ongezeko lilikuwa asilimia 27. Yote matatu yalipofanywa kwa pamoja, asilimia 124. Watafiti hao walieleza kwamba msomaji wa majigambo hubeba mzigo wa ziada: inambidi achuje chumvi ndipo apate ukweli. Haya yalionekana kwa watu waliokuwa wameketi mbele ya kioo kikubwa. Sembuse mama aliye ndani ya matatu, ameishika simu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, na bando lake linakaribia kwisha!

Hebu sasa tuingie katika duka moja. Yuko mama mmoja mjini Thika ambaye hushona na kuuza sare za shule, na ambaye amewavisha watoto wa majirani zangu wengi. Biashara ya sare ina msimu mkali. Wiki mbili tatu za mwishoni mwa Desemba na mwanzoni mwa Januari ndizo humlipia kodi ya chumba na mishahara ya mafundi wake kwa sehemu kubwa ya mwaka, na asipouza wakati huo atakaa na sweta zake rafuni hadi Januari nyingine. Mama huyu alitumia akiba yake kuundiwa tovuti. Msimu ulipokaribia alinijia akaniambia, "Mwalimu, tovuti ninayo, lakini simu hailii."

Niliufungua ukurasa wake. Juu kulikuwa na picha ya watoto wa Kizungu wamevaa tai, wanatabasamu. Chini yake aya nne za Kiingereza zilizoeleza dira, dhamira na maadili ya msingi ya kampuni. Kulikuwa pia na tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa na mashine bila shaka, ambamo neno la Kiingereza lenye maana ya mavazi na pia ya kuchakaa lilikuwa limefasiriwa kwa maana ya pili, hata duka likawa linatangaza uchakavu wa shule. Saa za kufungua, ambazo kwa Kiingereza zilikuwa nane za asubuhi, ziliachwa hivyo hivyo katika Kiswahili: "saa 8". Mzazi anayeihesabu saa kwa Kiswahili angefika alasiri akidhani amewahi. Majina ya shule ambazo mama huyu huzishonea hayakuwapo. Bei haikuwapo. Hata mtaa haukutajwa.

Sikumwambia chochote kuhusu Grice. Nilimwomba anunue daftari, na kwa muda wa siku mbili aandike kila swali analoulizwa dukani au kwa simu, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, bila ya kuyasafisha. Hiyo ndiyo kazi ya nyanjani tunayowafundisha wanafunzi wetu, ila safari hii mtafiti alikuwa mwenye duka. Daftari liliporudi lilikuwa na maneno kama haya: "Mama, sweta za ile shule ya pale juu mko nazo?" "Ya mtoto wa gredi ya tatu ni pesa ngapi?" "Beji mnaweka nyinyi ama nipeleke kwingine?" "Ikimbana naweza kurudisha?" "Rangi inatoka?" "Naweza kulipa nusu sasa nusu mwisho wa mwezi?" "Mnafungua Jumapili?" "Mnaweza kunitumia Murang'a na gari?"

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo tovuti. Hapakubaki kazi ya utunzi, ilibaki kazi ya kujibu. Swali lililoulizwa mara nyingi zaidi likawekwa juu, nalo lilikuwa la shule, si la bei kama nilivyotarajia. Mzazi kwanza anataka kujua kama shule ya mwanawe imo. Kwa hiyo orodha ya shule ikatangulia, kila shule kwa jina lake na rangi ya sweta yake. Bei zikafuata, kwa umri na kwa kimo cha mtoto, maana mzazi hajui saizi za kiwandani lakini anajua mwanawe ana miaka mingapi. Kisha mahali: jina la jengo, orofa, nambari ya chumba, na kinachotazamana na lango. Kisha saa za kufungua, zikaandikwa "saa mbili asubuhi" kwa maneno. Dira na dhamira tukaziacha zipumzike.

Mama huyu alikuwa na hofu moja ambayo naiheshimu, nayo ni hofu ya kuweka bei. Wafanyabiashara wetu wengi wameshika desturi ya kumwambia mteja aje faraghani ndipo aambiwe bei. Wanayo sababu. Bei ya kitambaa na ya nyuzi hupanda. Mshindani ataiona na kuipunguza kidogo. Isitoshe, kupatana bei ni sehemu ya utamaduni wa soko, na wapo wateja wanaoona wamedhulumiwa wasipopunguziwa. Lakini mshindani anayetaka kujua bei ya sweta atamtuma mtoto dukani, na jioni anayo. Anayefichwa bei ni mnunuzi, ambaye akiikosa haji kuuliza, bali huenda kwingine. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Kuhusu kupanda kwa bei, dawa yake ni tarehe. Tuliandika kwamba bei hizo ni za msimu wa Januari, na kwamba anayenunua sare za watoto watatu au zaidi atapunguziwa. Hapo bei imetajwa na mlango wa kupatana haukufungwa.

Nije sasa kwa jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wenzangu wa vyuo vikuu, nalo ni uteuzi wa msamiati. Mimi hufundisha kwamba mfuko wa kubebea vitabu mgongoni ni shanta, na shati na sketi za shule ni sare. Maneno haya ni mazuri na nitaendelea kuyatetea katika mtihani. Lakini mtu anayetafuta kitu kwenye mtandao huandika neno lililo kinywani mwake, na mitambo ya kutafutia hulilinganisha neno hilo na yale yaliyomo katika kurasa. Mitambo hiyo imeerevuka na huweza kukisia visawe, lakini hukisia vizuri zaidi kwa Kiingereza, lugha iliyolishwa nayo kwa wingi, kuliko kwa Kiswahili. Ikiwa mzazi wa Thika anaandika "yunifomu" na "begi", nasi tumeandika "sare" na "shanta" pekee, tumefunga mlango na kuutupa ufunguo. Basi tuliandika yote mawili, kila neno katika sentensi yake ya kawaida. Tulitumia pia maumbo mbalimbali ya neno moja, kwa sababu Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno: anayetafuta "fundi wa nguo", anayetafuta "mafundi wa nguo" na anayetafuta mahali "pa kushona" huenda ni mtu yule yule. Sikukubali hata hivyo kurundika maneno hayo chini ya ukurasa kama magunia, jinsi wanavyofanya baadhi ya waundaji wa tovuti wakitumai kuihadaa mitambo. Mitambo imekwisha kuijua hila hiyo, na msomaji huiona kuwa ni wazimu.

Je, Kiingereza kifukuzwe? La hasha. Kifungu cha 7 cha Katiba kimezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, na katika duka hili kila moja ina mteja wake. Mzazi husoma Kiswahili cha kila siku. Mwalimu mkuu anayeagiza sweta 300 kwa niaba ya shule husoma Kiingereza cha barua, na maswali yake ni mengine kabisa: kazi itachukua majuma mangapi, mzigo utafikishwa shuleni au utachukuliwa, na kama duka hutoa ankara za kielektroniki za eTIMS, ambazo tangu Januari 2024 ndizo zinazotambuliwa na Mamlaka ya Ushuru katika kuhesabu gharama za biashara. Mwalimu huyo akapewa ukurasa wake. Kosa la tovuti nyingi ni kuwasemesha watu hawa wawili kwa pumzi moja, mwishowe asisemeshwe yeyote.

Kuhusu picha, wale watoto wa Kizungu tuliwaondoa. Si kwa chuki. Sare yao haishonwi Thika, na mnunuzi aliyewahi kutapeliwa na duka la mtandaoni lisilo na mlango hutafuta kwanza dalili kwamba duka lipo kweli. Picha ya cherehani ya mama, meza yake ya kukatia na rafu za sweta humtuliza kuliko nishani yoyote. Ila alipotaka kuweka picha za wanafunzi halisi wa shule jirani nilimsihi angoje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kwa habari za mtoto, na mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Faini kama hiyo ingelimeza duka hili pamoja na cherehani zake. Sweta iliyotundikwa kwenye kiango haihitaji idhini ya mtu.

Kadhalika niliona ameweka bei zake ndani ya bango la rangi, yaani maandishi yaliyo sehemu ya picha. Hili limeenea mno. Bango hupendeza, lakini ni zito kwa bando, huwa halisomeki kwenye simu ndogo, na programu zinazowasomea wasioona kwa sauti mara nyingi hulipita kama ukuta mtupu. Bei iandikwe kama maandishi. Bango, kwa anayelipenda, lije baadaye.

Lipo pia suala la habari zilizochacha. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na wanafunzi wa mwisho wa Kidato cha Kwanza waliingia shuleni Januari 2024, ilhali Gredi ya 7 ya sekondari msingi ilikuwa imeanza tangu Januari 2023. Hata hivyo nimekutana na maduka ambayo bado yanatangaza orodha ya mahitaji ya Kidato cha Kwanza. Mzazi akiisoma hufikia hitimisho la haki kabisa: huenda duka limefungwa. Ni heri ukurasa mmoja uliotiwa tarehe ya mwezi huu kuliko kurasa kumi za miaka iliyopita. Mwenye duka ahakikishe anajua jinsi ya kuibadilisha bei yeye mwenyewe, na kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwake, si kwa kijana aliyeiunda, ambaye kesho huenda akabadilisha nambari ya simu au akahamia mji mwingine.

Nitaulizwa: nani ataandika kurasa hizi, maadamu mshonaji ana kazi yake ya kushona? Wapo wanaosema kazi hiyo tuiachie akili mnemba, ambayo tangu mwishoni mwa 2022 imekuwa ikitunga matini kwa yeyote mwenye simu. Naam, inaweza kunyoosha sentensi. Lakini haijasimama katika duka la Thika, na isipopewa daftari la maswali itarudi kwenye kampuni inayoongoza na ubora ulio fahari yetu, kwa kuwa hayo ndiyo iliyoyasoma kwa wingi. Mimi nawatazama wahitimu wetu wa Kiswahili. Tangu shule ya upili wamefunzwa insha za kiuamilifu: tangazo, barua rasmi, tahadhari, ratiba. Katika mtihani wa kidato cha nne swali la aina hiyo lilikuwa la lazima. Kisha wanafika chuo kikuu, nasi tunawatwika nadharia za fonolojia na uhakiki kwa miaka minne bila ya kuwakumbusha hata siku moja kwamba tangazo ni kazi anayoweza kulipwa mtu. Wanatoka na shahada, wanatembea na bahasha, na mtaa mzima wa wafanyabiashara unalipa fedha kwa maneno yasiyouza hata kifungo.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu nimewapa zoezi muhula huu. Kila mmoja ataenda kwa mfanyabiashara mmoja, akae naye siku mbili na daftari, kisha amwandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili usiozidi maneno 300. Alama nitazitoa baada ya mwenye duka kuusoma na kuusahihisha kwa kalamu yake.